Kuunda inveta ya kuchomelea ya ampea 110 kwa spea za mashine zilizokufa

Mashine inayoelezwa hapa inaunguza rodi ya 2.5 (ile mafundi wanayoita geji 12) bila shida, na ya 3.2 kwa kiwango cha chini. Inatosha grili, milango ya skweya tyubu na viti vya bomba. Haitoshi kuchomea chesi ya lori siku nzima.

Kabla ya kuanza kuchambua mabodi, angalia kwanza kama una mashine nzima iliyokufa. Ikiwa zilizopasuka ni IGBT (transista kubwa zinazokata na kuunganisha umeme) na rezista za geti peke yake, badilisha hizo na uendelee na kazi; hakuna sifa katika kujenga upya kitu kinachotengenezeka kwa jioni moja. Mwongozo huu ni kwa mwenye makopo matatu manne ya mabaki: inveta za kuchomelea zilizoungua bodi, UPS, majiko ya induksheni, chaja za laptop. Na awe amekwisha kutengeneza pawasaplai za TV au kompyuta, kwa sababu kapasita za hapa zinabeba volti 340 za DC. Volti hizo zinaua, na zinabaki hata plagi ikiwa imechomolewa.

Inavyofanya kazi

Umeme wa 240 unapita kwenye brijirektifaya na kapasita, unakuwa DC ya volti 340 hivi. IGBT mbili zinafungua na kufunga kwa pamoja mara 45,000 kwa sekunde, moja juu ya praimari ya transfoma na nyingine chini yake. Zikifunguka, umeme unapita hadi sekondari. Zikifunga, nishati iliyobaki kwenye koa (feriti ya katikati ya transfoma) inarudi kwenye kapasita kupitia dayodi mbili. Kurudi huko kunahitaji muda sawa na ule wa kuwaka, ndiyo maana IGBT haziruhusiwi kuwaka zaidi ya nusu ya mzunguko. Sharti hilo moja ndilo linaloamua aisii gani utumie.

Spea za kuchukua na za kukataa

Aisii ya kudhibiti ni UC3845. UC3844 nayo inafaa, ila haiamki mpaka ipate volti 16, kwa hiyo saplai ya 15 haitaiwasha. Katika pawasaplai za zamani utakutana zaidi na UC3842 na UC3843. Zina miguu ileile na mpangilio uleule, na hapo ndipo watu wanapoungua: hizo mbili zinaruhusu kuwaka karibu asilimia 100. Koa haipati nafasi ya kujisafisha, inashiba, na IGBT zinapasuka kabla hujainua mkono kutoka kwenye swichi. Soma namba ya mwisho kwa lenzi.

IGBT: chukua za volti 600 zenye kasi, kama FGH60N60SFD, moja juu na moja chini. Zinapatikana kwenye inveta za kuchomelea na UPS kubwa. Za majiko ya induksheni (H20R1203 na ndugu zake) zinavutia kwa sababu zimeandikwa volti 1200, lakini zimetengenezwa kwa jiko, ambako zinazimwa huku volti ikipanda polepole kutoka karibu na sifuri. Hapa volti inapanda ghafla zikiwa bado zimebeba ampea 40, na mkia wa mkondo wake unazichemsha kwa dakika chache. Ziache. Kwa upande mwingine, jiko hilohilo lina vitu viwili vizuri: kapasita ya filamu ya mikrofaradi 5 na feni.

Kupima IGBT iliyotolewa: geti na emita zisisome chochote kwa mita. Chaji geti kwa betri ya volti 9 (chanya kwenye geti), kisha pitisha volti 12 kupitia balbu ndogo ya gari kutoka kolekta kwenda emita: iwake. Unganisha geti na emita kwa kipande cha waya: izime papo hapo. Ikibaki inawaka hafifu, inavuja; itupe. Nzima iliyotoka kwenye mashine ni ya kuaminika kuliko "mpya" ya bei poa iliyofutwa maandishi na kuchapwa mengine.

Dayodi za kutoka: zenye kasi, volti 300 au zaidi, mfano STTH6003CW ya ampea 60. Utahitaji tano, mbili za kupeleka na tatu za kuzungusha. Usigawe sawasawa. Wakati arki inawaka, IGBT zinapitisha chini ya theluthi moja ya muda. Muda wote uliobaki mkondo unapita kwenye dayodi za kuzungusha, kwa hiyo zinabeba karibu ampea 80 za wastani na wenzake 30 tu.

Dayodi mbili za praimari: MUR860 au za aina hiyo, volti 600 ampea 8, kwenye sehemu ya PFC (ya kurekebisha mkondo unaoingia) ya pawasaplai ya TV bapa. Usiweke 1N5408. Kwa mita ni nzima na kwa volti inatosha, lakini inachelewa kufunga, na kwa kilohezi 45 kuchelewa huko ni shoti.

Kapasita kubwa: nne za mikrofaradi 470, volti 400 au 450. Zile nene za pawasaplai ya kompyuta nyingi ni za volti 200. Ukiunganisha moja peke yake kwenye 340 italipuka. Iliyovimba kichwa au kuvuja mguuni isiingie hata kama mita inasema nzima.

Mengine: brijirektifaya ya ampea 35 hadi 50, rilei yenye kontakti za ampea 30, rezista ya omu 47 wati 10, chaja ya laptop ya volti 19 inayofanya kazi, 7815 na 7812, mosfeti ya IRF520, swichi ya joto ya nyuzi 70 hadi 75, jozi mbili za feriti ya E65, na jozi moja ndogo ya EE25.

Transfoma

Hapa tumia siku nzima kama inabidi. Pima mguu wa kati wa koa kwa vernia, zidisha upana kwa unene upate milimita za mraba, kisha gawanya 13,000 kwa jibu hilo. Unapata raundi za praimari kwa kilohezi 45. Sekondari ni theluthi yake. Mguu wa E65 ni milimita 20 kwa 27, yaani 540. 13,000 kwa 540 ni 24. Kwa hiyo praimari raundi 24, sekondari 8. Ukiwa na koa nyingine, fanya hesabu hiyo na ukatishe kwenye namba ya juu inayogawanyika kwa 3. Koa yenye jibu la raundi 40 ni ndogo mno, iache.

Waya mmoja mnene haufai. Kwa kasi hii umeme unakimbilia ngozi ya waya, katikati hapapiti kitu. Sokota nyuzi 32 za milimita 0.4 zilizopakwa vanishi, upate kamba ya takriban milimita 4 za mraba. Koili ya jiko la induksheni ni kamba ya aina hiyo tayari, na koili ya kuzunguka kioo cha TV ya mgongo ina waya mwembamba mwingi. Zote mbili, kwa bahati mbaya, mara nyingi ni alumini iliyopakwa rangi ya shaba. Kwangua kwa wembe: ndani ikiwa nyeupe, rudisha kwenye gunia.

Sekondari ni utepe wa shaba wa milimita 0.3 kwa 38. Pangilia hivi:

1. Praimari raundi 12, safu moja, zikibanana.
2. Tabaka tatu za tepu ya poliesta, ikipanda hadi kingo za bobini.
3. Sekondari raundi 8, kila raundi ikitenganishwa na tepu pana kuliko utepe. Paka msasa kingo za utepe kabla ya kufunga. Kijichongo kimoja cha shaba kikitoboa tepu, raundi mbili zinagusana, na raundi iliyogusana ni sawa na shoti.
4. Tabaka tatu tena.
5. Praimari raundi 12 za mwisho, mwelekeo uleule, ziungwe mfululizo na zile za kwanza.

Kuibana sekondari katikati ya nusu mbili za praimari si urembo. Transfoma iliyofungwa praimari yote chini na sekondari yote juu inavuja sumaku, na uvujaji huo unarudi kama mipigo ya volti kwenye dayodi za kutoka. Tia alama nyekundu kwenye mwanzo wa kila koili, maana bila alama utajuta baadaye. Weka kipande cha karatasi ya ofisini kwenye miguu yote mitatu ya koa kabla ya kuibana. Pengo hilo dogo linaizuia koa isibaki na sumaku kutoka mpigo hadi mpigo.

Ukimaliza, pima kwa mega (mita ya kupima insulesheni) ya volti 500 kati ya praimari na sekondari. Isome megaomu nyingi. Sekondari ndiyo itakayokuwa mkononi mwa mchomeaji, na tabaka zile tatu ndizo zinazomtenga na umeme wa ukutani.

Choki (koili inayolainisha mkondo wa kutoka) inafungwa kwenye jozi ya pili ya E65: raundi 12 za utepe wa milimita 0.5 kwa 38, na pengo la milimita 4.8 kwenye kila mguu. Vipande vitatu vya bodi ya fiberi ya 1.6 vinatoa unene huo barabara, ila menya shaba yote kwanza, maana shaba ndani ya pengo inachemka kama pasi. Kama mashine iliyokufa ina choki yake nzima, tumia hiyo na uokoe jioni.

Upande wa nguvu

Umeme unaingia kupitia breka, rezista ya 47, brijirektifaya, kapasita. Rilei inairuka rezista baada ya sekunde moja au mbili; bila hivyo kapasita tupu zinavuta mkondo wa ghafla unaoangusha breka na kuunguza dayodi. Sambamba na kapasita weka rezista ya kilo-omu 47 wati 5 ya kuzimaliza. Hiyo inazishusha chini ya volti 50 kwa karibu dakika tatu, si papo hapo. Kwa hiyo subiri, kisha pima kwa mita, kisha gusa. Kushotisha kwa bisibisi kunaharibu kapasita na macho.

IGBT ya juu: kolekta kwenye chanya, emita kwenye mwanzo wa praimari. Ya chini: kolekta kwenye mwisho wa praimari, emita kwenye hasi. Dayodi ya kwanza: anodi kwenye hasi, kathodi kwenye mwanzo wa praimari. Ya pili: anodi kwenye mwisho wa praimari, kathodi kwenye chanya. Kapasita ya filamu ya jiko ikae kati ya kolekta ya juu na emita ya chini, miguu isizidi sentimita 2 au 3. Ukiiweka mbali, waya wenyewe unageuka koili na kila kuzima kunatoa mpigo juu ya volti 340. Sahani ya mgongoni mwa IGBT ni kolekta, kwa hiyo kila moja na hitisinki yake, au weka mika.

Upande wa kutoka: mwanzo wa sekondari uende kwenye anodi za dayodi mbili, mwisho wa sekondari kwenye anodi za tatu. Kathodi zote tano zinakutana kwenye choki. Hii ni raha, kwani sahani za STTH6003CW ni kathodi, basi zote zinakaa hitisinki moja bila mika. Hitisinki hiyo tu isiguse boksi. Kila kundi lipewe rezista ya omu 10 wati 5 mfululizo na kapasita ya nanofaradi 4.7 volti 630, sambamba na dayodi.

Udhibiti

Chaja ya laptop inatoa volti 19: 7815 kwa bodi, 7812 kwa feni. Kwenye UC3845, pini 5 ni ardhi na pini 7 ni volti 15 yenye kapasita ya mikrofaradi 100 na ya nanofaradi 100 miguuni kabisa. Kati ya pini 8 na 4 weka kilo-omu 8.2 na omu 470 mfululizo. Kati ya 4 na 5 nanofaradi 2.2 ya filamu. Osileta itakwenda kilohezi 90, na kwa kuwa aisii hii inaruka mpigo mmoja kati ya miwili, pini 6 inatoa 45. Pini 2 nenda ardhi. Pini 1 ishikwe na emita ya BC557, kolekta yake ardhini, besi kwenye mkono wa potensiometa ya kilo-omu 10 kati ya pini 8 na ardhi: hiyo ndiyo nobu ya ampea. Swichi ya joto, ya aina inayofunga ikipata joto, iushushe pini 1 moja kwa moja ardhini.

Pini 6 inaendesha IRF520 kupitia omu 10. Mosfeti hiyo inaendesha transfoma ndogo ya geti kwenye EE25. Chukua nyaya nne za kebo ya mtandao wa kompyuta, zisokote pamoja, funga raundi 20. Ya kwanza: volti 15 kwenye mwanzo, dreni kwenye mwisho. Ya pili ni ya kurudisha: mwisho wake kwenye volti 15, mwanzo wake kwenye kathodi ya dayodi ya UF4007, na anodi ya dayodi hiyo kwenye ardhi, ili sumaku iliyobaki irudi kwenye saplai. Ya tatu na ya nne ni za geti. Kila moja inapita dayodi ya 1N5819, kisha omu 10, ndipo geti. PNP ya 2N2907 iivute geti chini mpigo unapoisha: emita kwenye geti, kolekta kwenye emita ya IGBT, besi kabla ya dayodi kupitia omu 100. Malizia na kilo-omu 10 na zena ya 18 kati ya geti na emita. Nyaya za geti zisokotwe na zisizidi sentimita 10.

Kupima mkondo: ringi ya feriti ya milimita 20 hadi 25, waya wa praimari upite katikati mara moja, sekondari raundi 100 za waya wa 0.3. Weka kilo-omu 1 sambamba nayo, kisha dayodi yenye kasi, kisha omu 2.2 kwenda ardhi. Kutoka hapo kilo-omu 1 kwenda pini 3, na pikofaradi 470 kutoka pini 3 kwenda ardhi. Pini 3 ikifika volti 1 aisii inakata, yaani praimari ikifika ampea 45 hivi. Ukitoa mawimbi ya choki, mchomeaji anapata wastani wa 110.

Kuwasha mara ya kwanza

Usichomeke ukutani. Hatua hizi zina mpangilio wake, na kila moja imewekwa kwa sababu kuna mtu alishairuka.

Kwanza, washa bodi ya udhibiti peke yake. Mita ya kupima masafa kwenye kila geti isome karibu kilohezi 45. Osiloskopu, kama ipo, ioneshe geti zote mbili zikipanda kwa wakati mmoja hadi volti 13 au 14, na muda wa kuwaka usifike nusu. Geti moja ikiwa juu wakati nyingine iko chini, umegeuza ncha za koili yake.

Pili, badala ya volti 340 weka betri mbili za gari za 12 mfululizo, zenye fyuzi ya ampea 5. Kwenye kutoka weka balbu ya gari ya wati 21, nobu ya ampea juu kabisa. Balbu iwake wekundu hafifu, mita isome volti 3 hadi 5. Ikisoma chini ya 2, sekondari imegeuzwa.

Tatu, umeme wa ukutani, lakini kupitia balbu ya nyuzi ya wati 100 iliyowekwa mfululizo na waya wa laivu. Taa za LED hazifai kazi hii. Vaa miwani, funika bodi kwa ubao. Balbu itamulika mara moja kapasita zikijaa, kisha ififie. Ikibaki nyeupe kuna shoti, na balbu imekuokolea IGBT. Ikibaki na wekundu wa kati, shuku raundi iliyogusana kwenye transfoma: iguse baada ya kuchomoa na kusubiri dakika tatu, itakuwa ya moto bila kufanya kazi yoyote.

Nne, ondoa balbu, weka breka ya ampea 25, nobu chini, unguza rodi ya 2.5. Choma sekunde 30, zima, subiri, pima, gusa hitisinki moja moja. Halafu dakika moja. Halafu rodi nzima. Bila arki, ncha za kutoka zinaweza kufika volti 100 na zaidi kidogo, kwa hiyo glovu kavu na viatu vikavu, na boksi la chuma liungwe na waya wa ardhi.

Mambo yanayoharibika

IGBT zinapasuka rodi ikigusa tu, ingawa bila mzigo zilikaa kimya: mara nyingi dayodi ya ringi ya mkondo imegeuzwa, pini 3 haioni kitu, na aisii inasukuma bila breki. Ya pili kwa wingi ni volti 15 kuanguka hadi 10 chini ya mzigo kwa sababu chaja imechoka. Geti yenye njaa inaifanya IGBT iwake nusunusu na kuchemka.

Arki inapiga filimbi na kutapatapa: pini 3 inapokea kelele. Fupisha waya wa ringi, usokote, na ardhi ya pini 5 isipite njia moja na mkondo wa emita.

Rodi inanata: angalia waya wa kurefushia kabla ya kulaumu mashine. Ekstensheni ya mita 30 yenye waya wa 1.5 inakula volti 15 kwenye ampea 22. Na hizo 22 ndizo mashine inazovuta ukiifungua mwisho. Soketi ya kawaida ya ampea 13 itayeyuka plagi; ukilazimika kuitumia, baki chini ya ampea 70 kwa rodi ya 2.5. Kwa kazi ya kudumu vuta laini yake ya waya wa milimita 4 kutoka kwenye bodi ya breka.

Inafanya kazi miezi miwili kisha inalipuka bila sababu: fungua uone. Chembe za chuma za grainda zimevutwa na feni na kulala kati ya miguu ya IGBT. Paka bodi vanishi ya mota tabaka mbili, acha miguu ya hitisinki wazi, weka feni ipulize kutoka upande wa pili wa grainda, na kila wiki puliza ndani kwa kompresa, ukiwa umeshachomoa na kupima kapasita.